Kicheko Kina Wenyewe

Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeitumia kutayarisha vichekesho vya televisheni jijini Nairobi. Nilipoanza kazi, Vitimbi ilikuwa tayari kipindi cha nyumba nzima: babu na mjukuu walikaa pamoja kumtazama Mzee Ojwang, aliyeigizwa na marehemu Benson Wanjau, akibishana na Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere. Kwa kuwatazama hao wawili nilijifunza kwamba mchekeshaji mzuri anajua pia kunyamaza.

Vipindi vyetu havikuwa na mswada kamili. Asubuhi tulikaa na waigizaji tukakubaliana kisa kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Maneno waliyatunga wenyewe papo hapo. Kazi yangu ilikuwa kuwapa nafasi. Mpiga kamera nilimsihi asihame haraka jibu kali linapotoka, abaki na yule aliyejibiwa, kwa sababu mara nyingi kicheko kilikuwa usoni mwake, macho yakimtoka huku akitafuta la kusema.

Ila malipo yalikuwa ya kipindi kwa kipindi. Usiporekodi, hulipwi. Mwigizaji aliyesalimiwa kwa shangwe kila steji alipanda matatu akihesabu nauli, na alipougua, karatasi ya mchango ilianza kuzunguka. Nimesimamia harambee nyingi za bili za hospitali. Inauma kumwona mtu aliyefurahisha taifa zima akishindwa kuruhusiwa kwenda nyumbani kwa kukosa pesa.

Ndipo tukaanzisha chama. Kila aliyelipwa, awe mwigizaji, fundi wa sauti au mshona mavazi, aliacha kiasi kidogo kwenye mfuko. Fedha hizo zililipia kwanza bima ya afya ya NHIF, kisha karo za watoto wa wenzetu waliotangulia mbele ya haki. Wakongwe waliokosa kazi tuliwaita wawafundishe chipukizi, na tukawalipa kama walimu wengine. Mzee Ojwang alipofariki mwaka 2015, niliwaambia vijana wetu kwamba njia bora ya kumuenzi ni kuwatunza wakongwe waliobaki wangali hai.

Mfuko huo naujivunia kuliko kipindi chochote nilichotayarisha. Nanyi watayarishaji mnaotufuata, nawaomba: andikeni bima ya matibabu kwenye mkataba wa kila mwigizaji kabla hamjawasha kamera.