Upana wa Boriti

Nilipoanza kazi ya usanifu majengo Zanzibar, miaka ya 1990, nyumba kuukuu ya Mji Mkongwe ikipewa kazi mpya mara nyingi ilianza kwa kuvunjwa ndani. Mwenye nyumba alitaka ukumbi mpana, na kuta za zamani zilionekana kikwazo.

Kwangu fikra hizo zilianza kugeuka pale kwenye jengo la Ithnasheri, barabara ya Mizingani. Mfanyabiashara Tharia Topan alianza kulijenga jengo hilo mwaka 1887, akafariki kabla halijamalizika; lilikamilika mwaka 1894. Likawa zahanati, kisha likachakaa baada ya Mapinduzi. Mfuko wa Utamaduni wa Aga Khan ulilikarabati katika miaka ya 1990, likawa kituo cha utamaduni. Nilikuwa nikienda kuwatazama mafundi. Mwashi mmoja mzee aliniambia, "Mwanangu, saruji inayafungia maji ndani ya ukuta." Mawe yetu ya matumbawe na chokaa huingiza unyevu na kuutoa. Ukipiga lipu ya saruji, maji hukwama, chokaa hulegea, na ncha za boriti zilizomo ukutani huoza.

Tangu hapo nikawa napima boriti kabla ya kuchora chochote. Boriti zetu ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio unaoamua upana wa chumba; kwa hiyo vyumba vyetu ni virefu na vyembamba. Chumba cha namna hiyo kinafaa darasa, duka au ofisi, bila kugusa ukuta. Vyoo nilivipanga kimoja juu ya kingine upande wa ua, mbali na boriti.

Mengine nilifundishwa na kina mama wa nyumba hizo. Kwa kuwa mimi ni mwanamke, walinipandisha hadi ghorofa za juu, wakanionyesha ukuta unaotoa jasho wakati wa masika na dari inayomwaga vumbi.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba kongwe la Mji Mkongwe, iliporomoka, watu wawili wakafariki. Sasa wenye nyumba wanaokuja kwangu huuliza habari za paa na boriti kabla ya idadi ya vyumba. Nami huwaambia ninaloliamini: nyumba isiyo na kazi hakuna anayepanda kuziba paa lake. Kazi yetu ni kuitafutia matumizi ambayo boriti zake zitayabeba, na yatakayoleta fedha ya chokaa kila mwaka.