Haraka Haraka Haina Baraka

Wahenga hawakukosea. Likizo ya Agosti, mjomba wangu wa Homa Bay aliniachia laptopu anayohariria video za harusi; ndiyo inayomtafutia unga. Nikataka mchezo wangu ukimbie. Kasi ya kadi ya michoro nikaiongeza megahezi 200 kwa mpigo. Skrini ikajaa mistari, kisha giza totoro! Jasho jembamba likanitoka.

Mjomba aliporudi nikakiri. Akaizima, akaiwasha, ikapona. “Kijana, feni yake ni ndogo. Toa vumbi kwanza. Ongeza megahezi 10 tu, ujaribu, utazame joto. Likikaribia nyuzi 90, rudisha. Kadi ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe, sasa umefaidi nini?”

Nilirudi Migori kimya. Wenzangu, msijaribie mali ya mtu!