Vuli: Ndogo kwa Nani?

Mwambao uliyapa majira majina ya pepo. Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi ikayarudisha. Hiyo ni hesabu ya baharia. Sisi wa Same hatuna jahazi, huutazama mlima.

Pepo za Bahari ya Hindi hupanda Upare kwa mashariki na kumwaga mvua huko, Gonja na Mamba. Ukivuka safu ya Shengena, yenye kilele cha mita 2,462, na kuteremka magharibi, unaupokea mji wa Same, mkavu, wenye migunga na vumbi. Mwezi ni mmoja, wilaya ni moja, majira mawili.

Ndiyo maana mgeni akiniuliza, “Mwalimu, nije lini?”, nami humuuliza: unakuja upande upi? Wenye magari ya watalii hujibu upesi: Juni hadi Oktoba, wanyama wanapoyafuata maji. Kwa atakayeishia Mkomazi, iliyofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2008, jibu hilo linatosha. Atakayepanda milimani Julai atakutana na kipupwe chenye ukungu, na sweta hataivua hata adhuhuri. (Malenga wa pwani hulitumia neno kipupwe kwa ubaridi wa kupendeza. Waje Chome.)

Neno linalonisumbua zaidi ni vuli. Vitabu vya shule huandika: masika, mvua kubwa, vuli, mvua ndogo. Ndogo kwa nani? Vuli ya 1997, mwaka wa El Niño, ilipitiliza hadi 1998, ikakata barabara na kuondoka na madaraja nchini. Novemba 2009, katikati ya vuli, udongo wa mlima uliporomoka Mamba Miamba, ukafukia nyumba na watu zaidi ya 20 wakafa. Sijui mshairi atakayethubutu kuwaambia wafiwa wale kwamba ilikuwa mvua ndogo.

Napendekeza tuseme mvua fupi. Ufupi ni wa muda, nao ni kweli. Udogo ni wa nguvu, na mlima haujaukubali.

Atakaye kuja Novemba namkaribisha, kwani ndipo Upare unapoota majani upya na mifereji ya ndiva inapopata sauti. Ila alale Same mjini kwanza. Alfajiri awaulize madereva wa Mamba kama njia inapitika. Wakimwambia “Subiri kidogo, mzee,” aagize chai ya pili.