Nyumba ya Kobe na Bei ya Ndoo ya Maji



Kila masika yanapoanza, kati ya mwezi Machi na Mei, huletwa kwetu swali lisilopatikana katika vitabu vya mafundisho ya watoto: je, yafaa kumfuga kobe wa maji ndani ya nyumba, na kama yafaa, atatengenezewa makao ya namna gani bila kuitia familia katika hasara? Wapo wanaocheka walisikiapo swali hili. Sisi hatucheki, kwa kuwa tumeona kwamba ndani yake limo swali jingine lililo zito zaidi: kitu tunachokiita cha gharama nafuu, ni nafuu kwa nani?

Tuanze na kiumbe mwenyewe. Hatumzungumzii kobe wa nchi kavu tuliyemzoea katika hadithi za mababu, wala kasa wa Bahari ya Hindi. Twamzungumzia yule mdogo wa vidimbwini, mwenye gamba bapa la rangi ya matope, ambaye akitishwa harudishi kichwa ndani moja kwa moja, bali hukikunja ubavuni na kukificha chini ya ukingo wa gamba. Ukimshika hutoa harufu ambayo hutaisahau upesi. Wakati wa kiangazi hujifukia topeni na kungoja. Mvua zinaponyesha hutoka na kutembea kutafuta maji mapya, naye hujikuta akivuka mashamba na barabara zetu. Ndugu zake wanaoishi katika Ziwa Viktoria wana bawaba tumboni, kwa hiyo waweza kulifunga gamba kwa mbele kama mtu afungavyo mlango. Yu mgumu wa maisha, na akitunzwa vema huishi miaka mingi, hata miongo.

Kabla ya kutafuta pipa, tutafute kibali. Kobe huyu ni mnyamapori, na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kumkamata mnyamapori na kumweka nyumbani kwa kupenda kwake tu. Sisi wa Tarime na Serengeti, tunaoishi jirani na hifadhi, twajua jambo hili si la mzaha. Kwa hiyo jibu letu la kwanza kwa kila mtoto aliyeokota kobe mzima ni moja: mrudishe pale pale ulipomtoa, leo hii, kabla hujampa jina.

Lakini si kila kobe huokotwa akiwa mzima. Katika masika moja, pikipiki ilimgonga kobe wa namna hii barabarani, ikampasua gamba upande mmoja. Mvulana wa darasa la tano, anayelelewa na bibi yake pamoja na dada yake mkubwa, alimwokota akampeleka nyumbani ndani ya karai. Bibi akatuuliza, “Padre, huyu tumtupe au tumtunze?” Tukawashauri waende kwanza kwa afisa wanyamapori. Huko wakaruhusiwa kumhifadhi hadi apone, ndipo arudishwe majini. Gamba la kobe haliungi kwa wiki moja kama ngozi ya mwanadamu. Huchukua miezi mingi. Kwa hiyo ilibidi ijengwe nyumba.

Basi nyumba hiyo ikoje? Tunaieleza kwa kuwa yaweza kumfaa mwingine aliye na kibali. Chukua pipa la plastiki la lita 200, ulipasue kwa urefu wake. Kila nusu ni hori. Hapa tunasisitiza kwa nguvu zote: liwe pipa lililobeba mafuta ya kula au chakula. Katika eneo letu la dhahabu yapo mapipa yaliyobeba kemikali za kuchenjulia, na mengine yaliyobeba dawa za mashambani. Hayo hayaoshwi yakasafika. Yasitumike kwa kobe, wala kwa ng’ombe, wala kwa kuhifadhia maji ya kunywa, hata kama yanauzwa kwa bei ya kutupa.

Hori liwekwe ndani, au barazani penye ukuta, mbali na mbwa. Litiwe maji ya kina cha karibu shibiri moja, ili kobe akipinduka aweze kujigeuza asizame. Upande mmoja yapangwe mawe mapana yaliyothibitika, yasiyoyumba, yatokeze juu ya maji ili apande na kukauka kabisa. Juu liwekwe fremu ya mbao yenye wavu wa kuku. Wavu huo ni kwa ajili ya kobe asitoroke, na zaidi sana kwa ajili ya mtoto mchanga wa nyumba hiyo, kwa maana maji ya shibiri moja yanatosha kumzamisha mtoto atambaaye. Kwa yule majeruhi, siku za mwanzo zilikuwa tofauti: afisa mifugo alielekeza akae mahali pakavu na safi, aingizwe majini kwa muda mfupi tu kila siku, hadi kidonda kianze kufunga.

Chakula hakikusumbua. Dagaa wa ziwani wasiotiwa chumvi, wazima pamoja na mifupa yao, wakilowekwa kwanza; minyoo ya shambani; kumbikumbi wakati wao. Ugali na mkate si chakula chake. Na kila amshikaye au kugusa maji yake anawe kwa sabuni, kwa kuwa kobe hubeba vijidudu vya salmonela hata akionekana mwenye afya. Nchini Marekani, mwaka 1975, serikali ilipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofikia inchi 4 kwa sababu watoto wengi walikuwa wakiugua. Vyombo vya kobe visioshwe mahali panapooshewa sahani.

Sasa tufikie gharama yenyewe. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wanaofuga kobe wa maji hutumia fedha nyingi kwa taa. Wanahitaji taa ya joto, na taa nyingine itoayo miale ya urujuani kama ya jua, kwa sababu bila miale hiyo mwili wa kobe hautengenezi vitamini D ya kutosha, hauwezi kutumia vema madini ya chokaa, na gamba hulainika. Dirisha la kioo halisaidii, kwani kioo huizuia miale hiyo. Maji kwao si tatizo, hufungua bomba. Wana kanuni ya kukadiria lita 40 hivi kwa kila inchi ya gamba, hata kobe wa inchi 4 awekewe lita 160.

Kwetu Nyamwaga mizani imegeuka. Jua, ambalo wao wanalinunua, sisi tunapewa bure. Inatosha kumtoa kobe asubuhi ndani ya beseni lenye kivuli upande mmoja, akaota jua kwa muda, mtu akimwangalia. Lakini maji, ambayo kwao hutiririka ukutani, kwetu yana shingo inayoyabeba. Lita 160 ni ndoo 8. Kila ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na kutoka kisimani hadi nyumbani ni mlima.

Nyumba ile ya bibi haikufuata kanuni ya lita 160. Kobe huyu kwa asili huishi hata katika vidimbwi vidogo, na kwa miezi ya matibabu nusu pipa lenye lita 60 lilitosha, mradi yawe safi. Lakini usafi ndio wenye gharama. Kobe hula majini na kuchafua majini. Pasipo mashine ya kuchuja, maji hunuka kabla ya siku nne. Wakawa wanabadilisha yote mara mbili kwa wiki: ndoo 6. Na aliyezibeba hakuwa mvulana. Alikuwa dada yake, aliyekuwa tayari akibeba maji ya kupikia, ya kuoga na ya ndama. Hakuna aliyemwamuru. Ndivyo tu ilivyozoeleka kwamba maji yakipungua, msichana huinua ndoo. Mwalimu wake wa katekisimu ndiye aliyetuambia kwamba binti huyo, aliyekuwa wa kwanza kufika, sasa anafika somo likiwa limekwisha nusu.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mvulana alikuwa na huruma ya kweli, wala hatuidharau. Bibi alikuwa akiwaeleza majirani kwa furaha kwamba kobe wao hawagharimu hata shilingi. Wote wawili walisema kweli kwa jinsi walivyoona, kwa kuwa hesabu yao ilikuwa ya fedha. Hakuna aliyeiandika shingo ya binti katika hesabu hiyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, hufundisha pande mbili za jambo hili kwa pamoja. Ni kinyume cha heshima ya mwanadamu kuwatesa wanyama bila sababu. Na vilevile haifai kuwatumia wanyama fedha ambazo kwanza zingepaswa kupunguza taabu za watu. Tukisoma fundisho hilo katika nchi tajiri, twaweza kudhani linawahusu wale wanaowanunulia mbwa wao vito. Tukilisoma Nyamwaga, tunatambua kwamba fedha si sarafu peke yake. Muda wa msichana ni fedha. Nguvu zake ni fedha. Naye hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, aya ya 30, alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya binadamu. Waraka ule ule unaotuhimiza kuwatunza viumbe ndio unaotukumbusha maskini mwenye kiu. Haitupasi kuchagua sehemu moja na kuiacha nyingine.

Je, basi kobe atupwe? Hapana. Tuliketi na familia ile, tukahesabu upya, safari hii kwa ndoo badala ya shilingi. Mambo matatu yalipatikana. La kwanza, kobe alishwe ndani ya beseni la pembeni, si horini. Akishamaliza kula na kujisaidia ndipo arudishwe. Kwa hilo peke yake maji ya hori yalidumu wiki nzima, na ndoo 6 zikawa 3. La pili, bati la jikoni likatiwa mfereji wa kukingia mvua. La tatu, maji machafu ya kobe yasimwagwe ovyo, bali yamwagiliwe kwenye shina za mchicha na migomba, kwa kuwa yana mbolea. Yasimwagwe juu ya majani, wala kwenye mboga zinazoliwa mbichi. Bustani hiyo ilikuwa ikimwagiliwa hata hivyo siku za jua. Kwa hiyo maji yale yale sasa yalipita kwa kobe kwanza, kisha yakaenda bustanini, na kobe akawa hadai karibu ndoo yoyote ya nyongeza.

Likabaki la nne, ambalo halikuwa la ufundi: ndoo za kobe zibebwe na mwenye kobe. Mvulana alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama anaweza kuzibeba kwa mkokoteni ili wenzake wasimcheke. Bibi akamjibu, “Mjukuu wangu, dada yako wamemcheka lini?” Akazibeba. Kwanza nusu ndoo nusu ndoo, kulingana na umri wake. Dada yake akarudi kufika mapema katika mafundisho, na kobe akakaa katika nyumba ile hadi mvua za mwisho wa mwaka, gamba likiwa limeunga na kovu refu, akarudishwa kidimbwini mbele ya afisa.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana wetu anamsema mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye hana budi kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mara nyingi tumelihubiri neno hilo tukifikiri juu ya fedha za mjenzi. Lakini mnara hubebewa mawe, na mawe yana wabebaji. Tunapopanga harusi, tunapokaribisha wageni, tunapoongeza ng’ombe zizini, hata tunapoanzisha miradi ya parokia na kusema “akina mama watapika,” tuulize kwa majina: nani atabeba, saa ngapi, na ataacha nini ili abebe?

Kwa juma hili, basi, tunawaombeni zoezi dogo. Kila familia ihesabu ndoo zinazoingia nyumbani kwa siku moja, na kuandika pembeni ya kila ndoo jina la aliyeibeba. Karatasi hiyo isomwe na baba wa nyumba kwa sauti, baada ya sala ya jioni, watoto wote wakiwepo.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.