Shwari ya Bahari na Shwari ya Nyumba

Anayevuka kutoka Mokowe kwenda Amu, siku ambazo kaskazi na kusi zinapokezana, huenda akaikuta bahari imelala, haina hata kiwimbi. Hali hiyo ndiyo shwari. Neno hili la baharini limekwisha kupanda nchi kavu: ukimjulia mtu hali hukujibu "shwari", na nyumba isiyo na ugomvi nayo husemwa ni shwari.

Lakini shwari ina sura mbili. Abiria huifurahia kwa kuwa chombo hakimsukisuki. Nahodha wa jahazi hulitazama tanga lililonywea, akajua kuwa safari imesimama. Sura Ash-Shura, aya ya 33, inatukumbusha kuwa Mwenyezi Mungu akitaka huutuliza upepo, vyombo vikabaki vimetulia juu ya bahari, na kwamba humo mna ishara kwa mwenye subira na shukrani. Neno la Kiarabu lililotumika hapo, rawakid, ni la mzizi mmoja na rakid, sifa ya maji yaliyotuama, ambayo Mtume (S.A.W.) alitukataza kuyakojolea. Basi kutulia na kutuama ni majirani, ila si kitu kimoja.

Watu wa Amu waliijua tofauti hiyo majumbani mwao. Katika nyumba za mawe, birika la kuogea lilitiwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Maji yalitulia, lakini hayakuachwa yaharibike.

Na familia zetu ni vivyo hivyo. Kuna nyumba iliyotulia kwa mapenzi na masikizano. Kuna na nyumba iliyonyamaza kwa sababu mke amechoka kusema asisikilizwe, baba hana la kuuliza ila chakula, na kijana amejifungia na simu yake. Jirani akipita nje atasema zote mbili ni shwari. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu.

Kwa hivyo, mama au dada akikujibu "shwari", usiridhike upesi. Keti naye, muulize swali la pili, kisha mpe nafasi ya kulijibu. Huyo ndiye samaki mdogo wa birikani: haonekani kwa mbali, lakini bila yeye maji hayakai salama.