Fimbo ya Yadi

Nilimsingizia fundi wa watu wizi nilioufanya mimi.

Wakati huo nilikuwa nauza vitambaa Kariakoo, katika duka moja la Mtaa wa Uhuru. Januari, shule zinapokaribia kufunguliwa, hakuna kupumzika: majora ya sare yanashushwa, wazazi wamejazana kaunta, kila mmoja anauliza, "Mita shilingi ngapi?" Nami nilitaja bei ya mita, kisha nikapima kwa fimbo ya yadi. Yadi ni sentimita 91.44, kwa hiyo kila mita niliyouza ilipunjwa sentimita 8 na nusu hivi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi. Nakunjua jora, nahesabu kwa sauti, mkasi umeshapita. Fimbo yenyewe haikuwa na kosa, ilikuwa yadi kamili. Uongo ulikuwa mdomoni mwangu, wala tajiri hakunituma kuusema.

Mama mmoja alinunua mita 7 za bluu iliyokoza, sare za watoto wake watatu. Baada ya siku chache akarudi, akaniita kaka, akasema kwa upole kwamba kitambaa hakikutosha. Fundi amekosa cha kushonea sketi ya yule mdogo. Mita 7 zangu zilipungua sentimita 60. Kwa mtoto wa darasa la kwanza, sketi ndiyo hiyo.

Ningeweza kumkatia kipande palepale. Nikamwambia, "Mama, mafundi si unawajua? Kamuulize vizuri kitambaa chako kimekwenda wapi." Kisha nikamuuzia mita nyingine, nikaipima kwa fimbo ileile.

Wiki iliyofuata akaja mwanamke nisiyemjua, futikamba shingoni. Hakuuliza bei. Aliomba fimbo, akailaza juu ya kaunta, akanyoosha futikamba kando yake, akaweka kidole pale ilipokomea: 91. Akasema amemshonea mama yule tangu mtoto wake wa kwanza, na sasa majirani wanamwita mwizi wa vitambaa. Alisema taratibu, na sauti ilimtetemeka.

Wateja walikuwa wanasikiliza. Nikaona aibu, na aibu ikanifanya mkali. "Hapa tunauza yadi, dada," nikamjibu kwa sauti ya kusikika duka zima. Akaikunja futikamba yake, akaondoka. Sikumfuata hata hadi mlangoni. Mpaka leo, kati ya yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniuma zaidi: alikuja na ushahidi mkononi, nikamfukuza kwa maneno.

Siku hizi nina kibanda changu na fimbo ya mita. Mara mbili nimekwenda Mbagala, kwa kuwa mama yule aliwahi kutaja kwamba anatokea huko, nikaulizia kwenye vyerehani vya barazani. Sikumpata yeye wala fundi wake.

Mama, kama haya yatakufikia: fundi wako hakukuibia. Zile sentimita 60 zilibaki dukani, kwenye jora.