Kibali cha Shemeji

Ndege ilitua Heathrow alfajiri. Nilipomalizana na watu wa pasipoti nikakutana na polisi wawili, bunduki fupi nyeusi zinaning'inia vifuani. Nikajisemea, haya, hapa ni nyumbani tu. Kwetu Morogoro huingii benki bila kumsalimia mwenye bunduki mlangoni. Kumbe hao ndio walikuwa wa kwanza na wa mwisho. Baada ya hapo kila polisi niliyepishana naye Surrey, anakoishi dada yangu na mumewe, alikuwa na redio, pingu na kirungu, basi. Shemeji akanieleza njiani kwamba polisi wengi wa Uingereza hufanya kazi mpaka wakastaafu bila kubeba silaha ya moto. Yeye mwenyewe, mhasibu mpole asiyeweza kumfokea hata paka, anazo tatu nyumbani.

Ni shotigani, bunduki za marisau, na anazitumia kwa mchezo wa kulenga sahani zinazorushwa hewani. Kibali chake, kinachodumu miaka 5, kilikuwa kinaelekea kwisha, na kesho yake alitarajiwa mtu wa polisi kuja kukagua. Dada alikesha akikunja sambusa.

Akaja mama wa makamo mwenye nguo za kiraia, mwajiriwa wa polisi asiye askari. Sambusa alizikataa kwa upole, chai akapokea. Mimi nilingoja aombe kuona bunduki. Wapi! Alianza na shemeji: analala vizuri? Anakunywa kiasi gani? Kazini kukoje? Ana madeni yanayomkosesha raha? Daktari wake alikwisha kuandika taarifa, maana tangu mwisho wa mwaka 2021 kibali hakitoki bila maelezo ya daktari, na kwenye faili la mgonjwa huwekwa alama kwamba huyu ana silaha. Kisha akaomba kuzungumza na dada peke yake, sisi wanaume tukatolewa nje bustanini na baridi ile. Shemeji hakununa. Agosti ya mwaka huohuo, alisema, mtu mmoja mjini Plymouth aliua watu watano kwa shotigani ambayo polisi walikuwa wamemnyang'anya, halafu wakamrudishia. Tangu hapo, wanaokuja kuuliza huuliza sana.

Tuliporudi ndani ikawa zamu ya kabati. Liko chini ya ngazi, la chuma, limefungwa kwa boliti ukutani. Yule mama alichuchumaa, akazisoma namba za bunduki moja baada ya nyingine akizilinganisha na zile za kwenye kibali, akalitikisa kabati kwa mikono miwili. Halafu akamgeukia dada.

“Funguo zinakaa wapi?”

“Sijui,” dada akasema.

Yule mama akafurahi kweli kweli. Hilo ndilo jibu lenyewe! Asiye na kibali hatakiwi kuzifikia silaha, awe mtoto, mgeni au mke wa ndoa. Mimi nilibaki mdomo wazi. Kwetu mume akimficha mkewe ufunguo, kikao cha ukoo kinaitwa Jumapili hiyohiyo. “Na akifa ghafla je?” nikamnong'oneza dada. “Nitawapigia polisi waje na fundi wao,” akanijibu, na hakuwa anatania.

Mimi mwenyewe kule nyumbani nina shotigani ya urithi, ya marehemu baba, na kuipata kihalali nilipitia ngazi nyingi: mwenyekiti wa kijiji, kamati ya ulinzi na usalama, polisi wilaya. Kila ngazi ilitaka kujua mimi ni mtoto wa nani, na walikuwa wanajua tayari. Jirani wa shemeji, ukuta kwa ukuta, hajui hata jina lake la pili. Nadhani ndiyo maana serikali yao inalazimika kumtuma mtu aje kunywa chai na kuuliza habari za usingizi.

Jumamosi tukaenda Bisley, uwanja wa kulenga shabaha uliopo tangu 1890. Huko ndiko nilikoona kwamba shotigani ni mteremko. Bunduki za masafa marefu, zile za kupiga hadi yadi 1000, zina kibali chao, na mwombaji lazima aeleze sababu ya kila moja anayoitaka. Hata risasi zina kikomo chake. Dukani nilimtazama mzee mmoja akinunua risasi. Muuzaji akachukua kibali cha yule mzee na kuandika humo kwa kalamu, idadi na tarehe, sawasawa na nesi anavyojaza uzito kwenye kadi ya kliniki ya mtoto.

Bastola sikuiona hata moja. Machi 13, 1996, mtu mwenye bastola alizozimiliki kihalali aliingia shule ya msingi ya Dunblane, Uskochi, akaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata bastola zikapigwa marufuku kwa raia wa Uingereza bara, na wachezaji wa mchezo wa kulenga kwa bastola wakawa wanakwenda nchi za nje kufanya mazoezi. Nilimuuliza yule mzee kama anaona wameonewa. Alisema yake aliisalimisha, na hajui mtu aliyethubutu kumlalamikia mzazi wa Dunblane.

Mchana nikapewa bunduki. Sina kibali cha nchi hiyo, lakini sheria yao inaruhusu mtu asiye nacho kulenga sahani mahali na wakati ulioidhinishwa na polisi. Sahani ni za lami na unga wa chokaa, upana milimita 110, na zinaruka vibaya kuliko kanga yeyote niliyewahi kumfukuzia porini. Kanga angalau ana nia ya kwenda mahali. Ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, ya tatu ikapasuka vumbi jeusi juu ya misonobari. Nikapiga kelele za ushindi, na wazungu wote wakageuka.

Shemeji anataka nirudi na shotigani ya baba msimu wa kuwinda ndege waitwao fezanti, unaoanza Oktoba 1. Kibali cha mgeni ataniombea yeye, kwa polisi wa kaunti yake, na ameniambia nimtumie nakala ya leseni yangu mapema, kwa sababu hao nao hawana haraka.